Waranti ya gari la umeme: tizama betri kwanza

Mpwa wangu anayeendesha teksi kati ya Mtwapa na mjini ameshaweka arbuni katika yadi moja hapa Mombasa. Gari ni Nissan Leaf ya kWh 40, imetumika Japani. Juzi alinijia na karatasi mkononi: "Mjomba, wanataka niongeze elfu tisini na tano nipate waranti ya miaka miwili. Nitoe?"

Pesa zenyewe ni za mamake, zamu yake ya chama. Nikaketi nikaisoma.

Karatasi ile yadhamini injini, klachi na pampu ya mafuta. Leaf haina hata kimoja katika hivyo! Wamechukua fomu ya gari la petroli wakabadilisha kichwa. Betri, ambayo ndiyo roho ya gari lile, imetajwa mara moja tu: inalipiwa "ikiharibika ghafla", si "ikichakaa kwa matumizi". Na betri hizi aghalabu hazifi ghafla. Hupungua nguvu kidogo kidogo. Leaf hupoza betri yake kwa hewa tu, haina mfumo wa maji, na joto la huku kwetu mwalijua.

Tangu 2019, ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme uliposhushwa kutoka asilimia 20 hadi 10, wengi wameanza kuyatupia jicho. Kwa hivyo swali hili litawafikia wengine.

Nissan wenyewe, kule Japani, waliidhamini betri hii kwa miaka 8 au kilomita 160,000, tena kwa kipimo kilichoandikwa. Dashibodi ina vijiti 12 vya afya ya betri. Vikishuka chini ya 9, kiwanda kinawajibika. Dhamana hiyo ilitolewa kwa soko la Japani, yadi ya Mombasa haiwezi kukuuzia. Lakini yaweza kuandika kipimo kama kile. Nilimwambia mpwa wangu aombe sentensi moja tu: betri ikishuka chini ya asilimia kadhaa ndani ya miaka miwili, nani atalipa, na kwa kiasi gani. Muuzaji akasema hilo "halimo kwenye mfumo".

Kuna jambo jingine. Matengenezo ni lazima yafanyiwe gereji yao ya Nairobi. Gari lililozima Mtwapa litafikaje huko, na kwa gharama ya nani? Karatasi kimya.

Mimi nimemshauri asiinunue. Elfu tisini na tano hizo aziweke kando kwa ajili ya betri, na kidogo katika hizo amlipe fundi mwenye kifaa cha kusoma afya ya betri kabla hajamaliza malipo. Kama yadi ingekubali kuandika ile asilimia, ningemwambia atoe, hata kwa bei kubwa zaidi.

Jumamosi twaenda na fundi. Vijiti vikiwa chini ya 10, atadai arbuni yake.