Tushike Kafi, Tuyajue Maji Yetu

Sisi tunaoishi Kolwezi tumezoea kusema kwamba utajiri wetu uko chini ya ardhi. Shaba na kobalti vimelitangaza jina la mji huu duniani kote. Lakini juu ya ardhi tumepewa mali nyingine, mto Lualaba na ziwa Nzilo, na mali hiyo hatujaijua bado. Wengi wetu huenda ziwani kama watazamaji: tunapiga picha ukingoni, tunakula, tunarudi nyumbani. Wanaoingia majini na kafi mkononi ni wavuvi tu. Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Ziwa Nzilo ni kazi ya mikono ya watu. Bwawa lilikamilika mwaka 1952 ili kuipatia migodi umeme. Mto ukazuiliwa, bonde likajaa. Ndiyo maana maji yake yametulia, yakafaa kwa mtumbwi na kayaki. Chini ya bwawa mto huingia katika makorongo yenye maporomoko, na huko si mahali pa mwanafunzi.

Sisi twaona kwamba vikundi vyetu, Kizito-Anuarite na Skauti pamoja, vijifunze kupiga kafi. Kwanza, mtumbwi hufundisha umoja kuliko hotuba nyingi. Aliye mbele huweka mwendo, aliye nyuma huongoza. Kila mmoja akivuta kwa mpigo wake, chombo huzunguka palepale. Pili, anayeyagusa maji hawezi kunyamaza yakichafuliwa. Kwa miaka mingi mabaki ya viwanda vya shaba yalimwagwa katika bonde la Musonoi, mto unaoishia Lualaba. Katika waraka wake wa mwaka 2015, Laudato Si', Papa Fransisko alifundisha kwamba kupata maji safi ya kunywa ni haki ya kila binadamu. Tutaiteteaje haki hiyo ikiwa tunayatazama maji kwa mbali?

Wazazi watauliza juu ya hatari, nao wana haki. Maji yaliyotulia hudanganya: upepo ukivuma juu ya ziwa pana, mawimbi huinuka upesi, na msimu wa mvua radi hupiga ghafla. Basi asiingie mtu chomboni bila jaketi la kuokolea maisha, hata ajuaye kuogelea. Tusiende mbali na ukingo, na wingu likitanda turudi. Kuacha jaketi kwa kisingizio cha imani ni kumjaribu Mungu.

Tunapendekeza basi kila kikundi kianze mchango wa kununua majaketi, kisha kiwaombe wavuvi wa Nzilo wawe walimu wetu, na kiwalipe kwa haki. Wao hawana diploma ya mchezo huu, lakini ziwa wanalijua. Kiangazi kijacho kitukute tumejiandaa.