Kisu kikubwa, mbio kidogo

Vijana wa Goma munaojifunza freze, ile mashini ya kuchonga chuma, leo tuongee juu ya mbio zake. Wengi munadhani kisu kikubwa kina nguvu, basi kizungushwe sana. Sivyo! Katika mzunguko mmoja, jino la kisu kikubwa linatembea njia ndefu kupita la kidogo. Linapata moto, linalegea, na kisu kimekwisha. Nani atakilipa? Baba nyumbani.

Tuseme wameleta ekse ya mashini ya kusaga mihogo, ichongwe mfereji. Kwa chuma laini na kisu cha asie rapidi, jino litembee karibu meta 25 kwa dakika. Zidisha 25 kwa 1000, gawanya kwa 3,14, tena kwa upana wa kisu katika milimeta. Kisu cha milimeta 10 kitataka mizunguko karibu 800 kwa dakika. Cha 20, kama 400. Mashini haina namba ile? Chukua ya chini yake. Aluminiyamu inavumilia mbio zaidi, chuma kigumu kinataka chini.

Vitesi vya meno, musivibadilishe mashini ikizunguka, hata mkubwa wa atelie akipiga kelele. Meno ya ndani yatavunjika. Mkanda nao utakula vidole. Tena mukiona mabaki ya chuma yanageuka buluu, punguzeni mbio palepale.