Fedha ya Utafiti Iingie Kwenye Gharama za Mradi

Mwaka 2015 Royal Academy of Engineering ya Uingereza ilitoa kwa mara ya kwanza tuzo yake ya ubunifu wa kihandisi barani Afrika. Mshindi alikuwa Mtanzania, Dkt. Askwar Hilonga, mhadhiri wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, kwa chujio la maji linalorekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Kwa watu wanaoishi chini ya Mlima Meru, ambako floraidi ya visimani hutia meno ya watoto rangi ya kahawia, kazi hiyo ina uzito wake. Uzamivu wake aliusomea Korea Kusini.

Kijana anayetaka kuusomea hapa nyumbani atalipiwa na nani? Mikopo ya serikali kwa sehemu kubwa huishia shahada ya kwanza. Samia Scholarship, iliyoanza mwaka 2022, tunaipongeza kwa moyo wote, ila inawalenga waliofanya vizuri kidato cha sita katika sayansi. Mradi wa elimu ya juu wa HEET, kwa dola milioni 425 za Benki ya Dunia, unasomesha wahadhiri. Mhandisi wa miaka 28 aliyeko kwa mkandarasi, mwenye swali zuri la utafiti alilolikuta kazini, anabaki na mshahara wake, nao tayari unakatwa asilimia 15 kurejesha mkopo wa awali.

Hata akipata wa kumlipia ada, bado kazi yenyewe haijaanza. Utafiti wa zege unataka saruji, kokoto, nondo na mashine ya kuvunja sampuli siku ya 7 na ya 28. Mchanganyiko ukikataa, anamwaga upya na kusubiri upya. Utafiti wa maji unataka kemikali, na gari la kufika visimani masika na kiangazi. Fedha hiyo isipokuwepo, mada hupunguzwa hadi ilingane na mfuko. Aliyetaka kupima daraja anaishia kulichora kwenye kompyuta, akakokotoa, akaandika tasnifu, akahitimu. Hesabu zake huenda ni sahihi kabisa, lakini daraja lenyewe halijaulizwa. Hasara hii inatuuma kuliko zote, kwa sababu haionekani popote: chuo kinahesabu mhitimu, na taifa linakosa vipimo.

Wakati huohuo tunajenga. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja. Reli ya SGR inapita katika udongo wa kila aina. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 juu ya ziwa, lilifunguliwa Juni 2025. Makandarasi wakuu wametoka Misri, Uturuki na China, nao siku moja wataondoka. Mchanga utakaojaa nyuma ya bwawa, tuta litakalotitia, nyaya zitakazochoka kwa upepo wa ziwa, hivyo vyote vitabaki kwetu.

Kwa hiyo tunapendekeza kila mradi mkubwa wa umma utenge ndani ya makadirio yake fungu la wanafunzi wa uzamili na uzamivu: ada, posho ya kila mwezi, gharama za maabara, na ruhusa ya kuingia eneo la kazi na kutumia takwimu zake. Wapo watakaosema gharama za miradi zinatosha kutulemea. Tunawajibu kwamba uchunguzi wa mchanga huo, tuta na nyaya utahitajika tu, na tusipokuwa na wetu wa kuufanya tutamlipa mshauri wa nje, naye ataanza kwa kutuomba takwimu ambazo hatukuzikusanya.

Bunge la bajeti huanza Aprili. Tunawaomba wakuu wa ndaki za uhandisi wakae na Wizara ya Ujenzi na ya Nishati mapema, wakiwa na hesabu kamili ya mwanafunzi mmoja, kuanzia siku anayosajiliwa hadi anapotetea tasnifu yake.