Mwenye Mali Asione Haya Kuitangaza

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiyo ndiyo ngao ya mwandishi ambaye maboksi ya vitabu vyake yamelala uvunguni mwa kitanda, na ndiyo ngao ya fundi cherehani hodari ambaye sifa zake hazivuki mtaa wa pili. Mwulize kwa nini haitangazi kazi yake, naye atakujibu kwa methali hiyo, tena kwa fahari, kana kwamba kunyamaza ni sehemu ya ubora. Methali haina kosa. Kosa ni kuitumia mahali pasipo pake. Walioinena waliuza na kununua katika soko moja, ambamo mnunuzi alikishika chungu, akakigonga kwa kidole na kusikiliza mlio wake kabla hajafungua kibindo. Leo mfinyanzi yuko Kyela na mnunuzi yuko Kigamboni. Chema kisichoonekana kitajiuza kwa nani?

Anayetaka ushahidi na aitazame safari ya riwaya moja ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar. Paradise ilitoka mwaka 1994, na mwaka huohuo ikaingia katika orodha fupi ya Tuzo ya Booker huko Uingereza. Ni hadithi ya pwani yetu na misafara iliyokwenda bara. Hata hivyo, wasomaji wa Kiswahili waliisubiri miaka 28. Tafsiri ya Ida Hadjivayanis, yenye jina la Peponi, ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, baada ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 kulivumisha jina la mwandishi duniani kote. Kwa miaka yote hiyo kitabu hakikuongezewa hata neno moja. Kilichoongezeka ni habari zake. Mimi na wewe hatuna kamati ya Stockholm ya kututangazia. Tusipojitangaza wenyewe, tutazikwa na maboksi yetu.

Wala isidhaniwe kwamba kutangaza ni tabia ya kigeni iliyoletwa na simu za mkononi. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887, liliweka alama yake kwenye kanga: K.H.E. Mali ya Abdulla. Kila mwanamke aliyejifunga kanga hiyo aliitembeza alama harusini, msibani na kisimani, na mpaka leo wapo wanunuzi wanaoikagua kwanza alama kabla hawajauliza bei. Mfanyabiashara yule hakusubiri kanga zake zijisemee. Alizipa maneno ya kusema.

Waandishi wetu nao hawakukaa kimya. Ben Mtobwa alianzisha Heko Publishers ili asiendelee kungoja hisani ya mchapishaji. Eric Shigongo alizitoa hadithi zake kipande kwa kipande katika magazeti ya kampuni yake ya Global Publishers, msomaji akabaki roho juu mpaka toleo lijalo, na kitabu kilipotoka kilimkuta mnunuzi amekwisha kuwa tayari. Huko Kenya, David Maillu alianzisha Comb Books mwanzoni mwa miaka ya 1970, akauza vitabu vidogo vya kuingia mfukoni kwa wasomaji ambao wachapishaji wakubwa hawakuwajali. Wakosoaji waliwasema sana watu hawa kwa mengi, lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba hawajulikani.

Kilichobadilika leo ni gharama tu. Zamani uliihitaji mashine ya kuchapa. Sasa unahitaji simu na bando. Ndesanjo Macha alikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kuandika blogu kwa Kiswahili, akaiita Jikomboe. Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa gazeti, alifungua yake mwaka 2005. Watanzania walioko ng'ambo wakawa wanaifungua kila siku wapate kuona nani kaoa, nani kafariki, na barabara gani imejaa maji. Michuzi hakuwaita watu waje kumsifu. Aliwapa walichokihitaji, akawapa kila siku, nao wakazoea kuja. Somo lote la kujitangaza limo humo, na sasa nalifafanua.

Kwanza, toa kabla hujaomba. Kurasa nyingi za wafanyabiashara wetu zinalia neno moja tu tangu Januari hadi Desemba: nunua, nunua, nunua. Nani atakaa kusikiliza? Muuza asali ya Tabora aandike kwamba asali nyingi safi huganda ikikaa kwenye baridi, kwamba kuganda si dalili ya kutiwa sukari, na kwamba chupa ikiwekwa kwenye maji ya uvuguvugu asali hulainika tena. Aeleze tofauti ya asali ya nyuki wakubwa na ile ya nyuki wadogo wasiodunga, ambayo ni nyepesi na ina uchachu. Aseme pia kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi asali, hata kama neno hilo litampunguzia mnunuzi mmoja leo. Fundi cherehani aeleze gauni la mshono fulani linakula yadi ngapi za kitenge, na kitenge kifuliwe na kuanikwaje kisipauke. Mwandishi wa riwaya aandike juu ya mji anaousimulia, atoe sura ya kwanza nzima bila malipo, awaeleze vijana jinsi mswada unavyofika kwa mchapishaji. Aliyefundishwa na wewe bure leo, kesho akihitaji kununua hatakuwa na haja ya kuuliza aende kwa nani.

Pili, uwe na mahali pako mwenyewe. Wengi wameweka biashara nzima kwenye Instagram, Facebook na WhatsApp, ambako wao ni wapangaji wasio na mkataba. Tarehe 4 Oktoba 2021 mitandao hiyo mitatu ilizimika kwa pamoja kwa muda wa saa sita hivi, na mwenye duka la humo tu akawa hana duka. Wengine hudukuliwa akaunti wakapoteza wateja wa miaka kwa usiku mmoja. Tena chapisho la mtandaoni huzama siku ileile chini ya machapisho ya wengine, ilhali makala iliyo kwenye blogu au tovuti yako hubaki palepale, na anayetafuta kwenye Google miaka miwili baadaye anaweza kuikuta. Itumie mitandao kuwaita watu, lakini waite waje kwako. Na uandike kwa Kiswahili. Kurasa za Kiingereza juu ya jambo lolote hazihesabiki, bali za Kiswahili juu ya jambo lako huenda ni chache mno, kwa hiyo Mswahili wa Maskati au wa Bujumbura anayetafuta kwa lugha yake atakuona upesi.

Tatu, sema kweli, na uiseme yote. Mpiga debe wa stendi hujaza basi kwa kelele, kisha hupokea chake na kubaki palepale stendi. Breki zikikatika njiani, yeye hayumo. Mwenye kazi hana ruhusa hiyo, kwa maana yeye anasafiri na abiria wake. Ukiandika kwamba sabuni yako ya mwarobaini inatibu kisukari, umemdanganya mgonjwa, na umejiweka mikononi mwa mamlaka ya dawa. Ukinunua wafuasi bandia elfu kumi, utakuwa na wafuasi elfu kumi wasiokunywa, wasiovaa, wala kusoma. Ukijisifu kwa majina ya kubuni chini ya kitabu chako, siku utakapogunduliwa hata sifa za kweli zitadhaniwa zako. Humohumo kwenye ukweli imo bei. Hii desturi ya kuweka picha nzuri, na mtu akiuliza bei anajibiwa "njoo inbox", inafukuza wanunuzi waungwana. Anayeficha bei hudhaniwa kwamba anampima mtu mfuko kwanza. Andika bei, andika kitu kinapatikana wapi, andika lipa namba, na useme kinamfikia aliye Mwanza kwa siku ngapi na kwa nauli kiasi gani. Vitabu vyetu vingapi vimesifiwa redioni bila msomaji kuambiwa vinauzwa duka gani?

Nne, shika zamu. Gazeti la Jumapili lilijijengea wasomaji kwa kutoka Jumapili, haikujalisha mhariri ana hamu au hana. Mtu anafungua blogu kwa shangwe, anaandika mara nne juma la kwanza, kisha ananyamaza hadi sikukuu. Afadhali makala moja fupi kila Ijumaa kwa mwaka mzima. Haba na haba hujaza kibaba, na makala hamsini za manufaa ni mali ambayo mshindani wako hawezi kuinunua kwa siku moja.

Tano, ijue sheria. Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipie maombi shilingi 100,000 na leseni shilingi 1,000,000, na wapo waliozifunga blogu zao kwa sababu hiyo. Kanuni zimebadilishwa tangu hapo, kwa hiyo usisikilize ya vijiweni. Uliza Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kama ukurasa wako unahitaji leseni na ya kiasi gani. Majina, namba na picha za wateja nazo zina ulinzi wa sheria, ya mwaka 2019 nchini Kenya na ya mwaka 2022 nchini Tanzania, basi usimbandike bibi harusi uliyemshonea bila idhini yake. Na wakubwa nao wasikie: ada inayozidi faida ya mwandishi mdogo haimsahihishi, inamnyamazisha. Nchi inayohimiza vijana wajiajiri isiwatoze kwa kufungua mdomo.

Najua yatakayojibiwa. Wa kwanza atasema kwamba kujisifu ni aibu, na kwamba sisi tumelelewa kwa unyenyekevu. Kweli, lakini kueleza si kujisifu. Anayesema "mimi ndiye bingwa" anajisifu. Anayesema "shati hili nimelishona kwa pamba, mishono yake ni miwili, bei yake hii" ametoa taarifa, na mnunuzi ana haki ya kuipata. Wa pili atasema ataibiwa. Hofu hiyo ina msingi, maana vitabu vizima vinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na mwandishi haoni senti. Hata hivyo wanaosambaza hawakungoja blogu yako, na wengi wao hawajui hata kitabu halali kinauzwa wapi. Toa sura moja, yaliyobaki yauze, na njia ya kulipia iwe nyepesi. Wa tatu atasema hana muda. Huyo nimwulize: ule muda wa kukaa dukani kungoja mteja anautumiaje?

Ipo hoja moja tu ninayoikubali bila ubishi: tangazo zuri la kitu kibovu huharakisha maangamizi yake. Kama mishono inafumuka, rudi kwenye cherehani kwanza. Kama mswada haujapita kwa mhariri, upeleke. Matangazo yaje juu ya kazi iliyokamilika, na ikikamilika yasicheleweshwe hata juma moja.

Ndugu mwandishi, na wewe mwenye genge, karakana au kiwanda kidogo cha uani, chukua karatasi usiku wa leo. Andika maswali kumi ambayo wateja wako hukuuliza mara kwa mara. Hayo ndiyo makala yako kumi ya kwanza. Anza kuyajibu Ijumaa hii, kwa Kiswahili safi, na chini ya kila jibu weka jina lako na mahali unapopatikana. Nawe mnunuzi usiseme hayakuhusu. Ukisoma kitabu kikakufaa, ukivaa nguo ikakukaa, kitaje kitu hicho mbele za watu, umtaje aliyekitengeneza na mahali ulipokinunua. Hutapungukiwa na kitu, na huenda ukawa umeokoa kazi ya mtu isife.