Picha za Bi Harusi Zisizurure: Kuchagua Programu na Printa za Nyumbani



Kila Mfunguo Mosi ukiingia na harusi kuanza kupangana, dukani kwangu naulizwa maswali mawili. La kwanza ni la nguo: lesi gani, shanga kiasi gani, mkono mrefu uwe wa kubana au wa kumwagika. La pili limekuja miaka hii ya karibuni, nalo ni la picha. "Dada, nimenunua kamera. Nirekebishe picha kwa programu gani, na ninunue printa gani?"

Anayeuliza si mpiga picha wa kazi. Ni binti wa ukoo anayependa kupiga picha, na karibu kila ukoo sasa anaye mmoja. Harusi za ndugu zake ndiyo skuli yake. Siku ya hina yumo, siku ya singo yumo, na siku ya kumtoa bi harusi ndiye anayeachwa asimame mbele kabisa. Mimi mwenyewe sikusomea picha. Nimemaliza sekondari nikasoma ushoni, lakini nguo zangu nazipiga na kuzichapisha mwenyewe kwa ajili ya wateja, na haya nimeyajua kwa kuyatumia.

Wengi wakiuliza hutaka kujua ipi inatoa picha nzuri zaidi. Mimi nasema hilo liwe swali la pili. La kwanza ni hili: picha hii itapita mikono ya wageni wangapi mpaka ifike kwenye albamu? Programu na printa zichaguliwe kwa jibu la swali hilo.

Tunafunga milango ya ukumbi. Simu zinakusanywa mlangoni. Watoto wa kiume wakubwa wanatolewa nje. Bi harusi anakaa kichwa wazi, hina mpaka viwikoni, maua ya asumini kichwani, kwa sababu waliopo ni wanawake wenzake. Tunayafanya haya tukijua Surat Nur imetaja wazi ni nani anayefaa kuyaona mapambo ya mwanamke. Halafu kesho yake asubuhi picha mia tatu za siku ile zinatiwa kwenye flashi na kupelekwa dukani kwa kijana tusiyemjua. Anazinakili kwenye kompyuta yake, anazifungua moja moja kwenye kioo kikubwa, nyuma yake wateja wamepanga foleni. Mlango tuliufunga wa nini?

Nilimshonea bi harusi mmoja ambaye nduguye alizipeleka picha zake hivyo hivyo. Wiki chache baadaye picha yake ya kichwa wazi ilikuwa imebandikwa ukutani pamoja na sampuli nyingine za duka. Sidhani aliyebandika alikusudia ubaya; aliona picha imetoka vizuri akaiweka. Mumewe aliambiwa habari hiyo na rafiki yake, na rafiki yake alikuwa ameshaiona. Picha iliondolewa siku ile ile, lakini waliokwisha kuiona wameiona, na yule dada alianza ndoa yake kwa kulia kwa jambo ambalo hakulifanya yeye.

Kuna dada zetu wanaoona bora picha za namna hii zisipigwe kabisa. Nawaheshimu, na kila mmoja amuulize anayemwamini katika elimu ya dini. Lakini ukiwa umeshapiga, picha ile ni amana mkononi mwako. Basi tuangalie vifaa.

Tuanze na programu. Kabla ya kuweka picha ya mtu kwenye programu yoyote ya simu, izime data na Wi-Fi, kisha ijaribu na picha ya kikombe au ua. Ikifanya kazi vizuri bila intaneti, ujue kazi inafanyika ndani ya simu yako. Ikikataa mpaka uwashe data, kuna uwezekano mkubwa picha inapelekwa kwenye kompyuta za watu wengine ili irekebishwe huko. Nyingi za zile zinazobadilisha uso, kuongeza vipodozi au kutengeneza mandhari ya uongo ni za namna hii. Usiwapelekee uso wa bi harusi.

Kwa simu, Snapseed ya Google ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti. Inakata, inanyoosha, inasawazisha mwanga na rangi, na inafuta kidoa kidogo. Kwa anayeanza inatosha kabisa. Kwa kompyuta kuna GIMP, nayo ni ya bure na inakaa kwenye mashine yako. Ni ngumu siku za mwanzo, lakini ushoni nao ulikuwa mgumu. Kama kamera yako inapiga faili za RAW, yaani picha ghafi kama ilivyoingia kwenye kamera, kuna darktable, ya bure pia. Wanaoweza kulipa kila mwezi wanayo Lightroom ya Adobe, lakini angalieni aina yake: Lightroom ya kawaida huzipeleka picha kwenye hifadhi ya Adobe mtandaoni, wakati Lightroom Classic huziacha kwenye kompyuta yako. Kwa picha za ukumbi wa wanawake, mimi ningechukua hiyo ya pili.

Kuhusu Photoshop ya kuvunjwa inayouzwa mitaani kwenye flashi, niseme lililo moyoni. Tangu 2013 Adobe imekuwa ikiiuza kwa malipo ya kila mwezi au mwaka, na ni ghali kwetu, najua. Lakini ile ya kuvunjwa ni haki ya mtu, na mara nyingine huja na virusi ndani yake. Utaweka picha za dada yako kwenye mashine usiyojua nani mwingine anaitazama. Na ya bure ya halali ipo.

Sasa urekebishaji wenyewe. Kwanza nakili picha, ya asili iweke mbali, ufanye kazi kwenye nakala. Halafu sawazisha rangi kabla ya kitu chochote. Taa za ukumbi huwa za njano au za zambarau, na shela nyeupe hugeuka rangi ya chai. Ukiiweka sawa ile nyeupe, ngozi na hina hurudi mahali pake zenyewe. Filta za haraka haraka ndizo zinazoiharibu hina: nyekundu nzuri inakuwa nyeusi kama piko, na maua madogo ya vidoleni yanapotea. Aliyemtia hina alikaa naye saa nne, tumwonee huruma.

Na tafadhali, msimtie bi harusi weupe. Chunusi ya siku mbili ifute, haina ubaya. Lakini kumbadilisha rangi aliyoumbwa nayo, kumpunguza pua na kumkaza shingo ni kumwambia kwamba siku aliyopambwa kuliko siku zote bado hakutosha. Miaka ishirini ijayo binti yake ataifungua albamu na kuuliza huyu ni nani.

Jambo la kipimo linawasumbua wengi. Simu nyingi hupiga picha ya uwiano wa 3 kwa 4, na karatasi ya sentimita 10 kwa 15 ina uwiano wa 2 kwa 3. Kwa hiyo printa ikijaza karatasi lazima ikate pembeni, na mara nyingi kinachokatwa ni ua la kichwani au pindo la gauni. Tunaposhona tunaacha nafasi ya mshono. Na wewe unapopiga acha nafasi kuzunguka bi harusi. Kisha ukate mwenyewe kwenye programu, usiiachie mashine.

Kuhusu ukali wa picha, kipimo kinachotumika sana ni nukta 300 kwa inchi. Picha ya inchi 4 kwa 6 inahitaji pikseli 1200 kwa 1800. A4 inahitaji 2480 kwa 3508. Simu ya megapikseli 12 inazifikia zote mbili, kwa hiyo usikope pesa ya kamera kwa ajili ya albamu. Kinachoua picha ni kuitumiana kwa WhatsApp kama picha, maana inapunguzwa. Itume kama dokumenti, au bora zaidi, tumia waya kutoka simu hadi kompyuta, isipite popote.

Tuje kwenye printa. Ya leza ni ya barua na fomu, iacheni ofisini. Kwa picha za nyumbani naona njia mbili.

Njia ya kwanza ni printa ndogo za utepe, kama Canon SELPHY. Zinatoa saizi ya posta, karibu sentimita 10 kwa 15. Utepe wa rangi na karatasi huuzwa kwenye pakiti moja yenye idadi maalumu ya picha. Gawa bei ya pakiti kwa idadi ile, umeshajua picha moja ni shilingi ngapi. Rangi haigandi ukikaa miezi bila kuchapa, na picha hutoka imefunikwa tabaka linaloizuia maji. Kwa anayechapa harusi mbili tatu kwa mwaka, hii ndiyo ninayomshauri. Lakini sikilizeni hili: utepe uliokwisha tumika unabaki na alama ya kila picha uliyoichapa. Ukiukunjua kwenye mwanga sura inaonekana. Usiutupe jaani ukiwa mzima. Ukatekate kwa mkasi vipande vidogo.

Njia ya pili ni printa za matangi, za wino wa kujaza kwa chupa, kama Epson EcoTank au Canon PIXMA za mfululizo wa G. Bei ya kuanzia ni kubwa zaidi, lakini wino kwa kila picha ni nafuu, na nyingi huchapa mpaka A4. Ukipata ya rangi sita, kama Epson L8050, utaona tofauti kwenye ngozi na kwenye nguo nyeupe, kwa sababu rangi mbili za ziada ni hafifu na vivuli hutoka laini bila chembechembe. Ya rangi nne nayo inatosha kwa albamu ya kawaida.

Printa za matangi zinataka matunzo, hasa kwenye vumbi na joto letu. Chapa japo ukurasa mmoja wa rangi kila wiki, la sivyo wino hukauka kwenye matundu. Izime kwa kitufe chake, usichomoe ukutani, maana ikizimwa vizuri huvifunika vile vichwa vya wino. Iweke kwenye stabilaiza kwa sababu ya umeme wetu. Nunua wino wa kampuni yenyewe na karatasi ya picha hasa, nzito. Karatasi ya kawaida hunywa wino na uso ukafifia. Na kabla ya kuchapa mia, chapa moja. Kioo cha simu huwa king'avu kuliko karatasi, kwa hiyo picha iliyopendeza simuni hutoka na giza. Ongeza mwanga kidogo, chapa tena, ukiridhika endelea. Kitambaa cha ghali hatukikati bila kupima, na karatasi ya picha ni hivyo hivyo.

Najua mtaniambia gharama. Printa ni pesa nyingi kwa harusi ya siku moja. Ni kweli, kwa harusi moja. Lakini hesabuni harusi za ukoo mzima kwa miaka mitano, na akika, na picha za watoto. Mabinti wa ukoo wakichanga kama wanavyochanga sare, inanunulika. Ikae kwa mmoja mwaminifu, kila mwenye shughuli alete karatasi na wino wake.

Wala sisemi tuwanyime riziki wenye maduka ya picha. Picha za bi harusi akiwa amejisitiri na mumewe, picha za wazee, picha ya nikahi msikitini, wapelekeeni. Wana mashine kubwa za kutoa picha ya fremu ambayo nyumbani hatuiwezi. Na mkimkodi mpiga picha wa kike, muulizeni kabla: anarekebisha mwenyewe au anampelekea mtu? Anachapa wapi? Picha anazifuta lini? Anayeijua kazi yake atajibu bila kukasirika.

Mwisho ni kufuta. Kufuta mara moja hakutoshi. Simu za iPhone huziweka picha zilizofutwa mpaka siku 30, na Google Photos mpaka siku 60 kwa zile zilizokwisha pandishwa mtandaoni. Ingieni kwenye pipa mlimwage na hilo. Kabla ya harusi, zimeni ule upandishaji wa picha wa wenyewe kwa wenyewe. Na kadi ya kamera msiiazime wala kuiuza ikiwa imefutwa tu, kwa sababu zipo programu za kurudisha picha. Ijazeni kwanza video ya ukuta mpaka mwisho, ndipo muifute tena. Za kutunza ziwekeni kwenye diski moja, akabidhiwe bi harusi mwenyewe, maana ni zake.

Binti mwenye kamera, ukoo umekuamini kwa jambo kubwa kuliko unavyodhani. Bi harusi hakukuuliza una kamera gani. Alilegeza shungi lake mbele yako. Allah atuwezeshe kuzihifadhi siri za wenzetu, na awape mabi harusi wetu wa msimu huu ndoa zenye kheri na utulivu. Amin.