Kijana wa Uriri aijenge Lichota kabla ya kununua London

Katika michezo yote inayoweza kumfilisi mtu huku akitabasamu, sijaona unaoushinda huu wa kurusha ndege kwenye tarakilishi. Programu yenyewe, ambayo wapenzi wake huiita simuleta, yaweza kupatikana kwa bei ya wastani au hata bure. Mtego umo katika nyongeza. Kuna ndege za ziada, viwanja vya ziada, mawingu ya ziada, hata sauti za injini za ziada, na kila kimoja kina bei yake kwa dola. Ndege moja tu iliyoundwa kwa ustadi yaweza kugharimu sawa na programu nzima inayoibeba.

Nayasema haya kwa sababu hivi majuzi kijana wa jirani yangu hapa Uriri, aliyemaliza kidato cha nne na ambaye amekata shauri kuwa rubani, aliniletea orodha ya vitu alivyotaka babake amnunulie malipo ya miwa yatakapotoka. "Shikamoo Mwalimu," akasema, "nitazamie kama kuna nilichosahau." Nikaisoma. Ilikuwamo Boeing 737, Airbus A320, uwanja wa Heathrow wa London, uwanja wa Dubai, na programu ya kupamba mawingu. Mkono wa kuiongozea ndege haukuwamo. Alikusudia kuirusha Boeing hiyo kwa kubofya herufi za kibodi, kama mtu anayepiga chapa barua ya kuomba kazi.

Msomaji asidhani kwamba namcheka. Tamaa yake ni njema, na ina babu mwenye heshima. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link, ambaye babake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda mjini Binghamton, katika jimbo la New York, aliona ada za mafunzo ya urubani zikimlemea. Akachukua mivukuto na pampu za kinanda, akaunda kijindege kifupi kisichobanduka sakafuni, lakini kilichoinama na kugeuka kwa kufuata mkono wa aliyekiongoza. Mwanzoni walioking'ang'ania walikuwa wenye viwanja vya burudani. Ilichukua hadi mwaka 1934, baada ya marubani kadhaa wa jeshi la Marekani kufa walipopewa kazi ya kubeba barua katika hali mbaya ya hewa, ndipo jeshi hilo likakinunua. Simuleta basi ilizaliwa kwa ajili ya mtu asiyekuwa na pesa za kutosha. Ni kinaya kwamba leo inauzwa kana kwamba ni ya matajiri pekee.

Nasi wa huku tunalo hitaji lile lile la Link, tena kwa uzito zaidi. Mafunzo ya urubani wa kibiashara katika vyuo vya uwanja wa Wilson, Nairobi, hugharimu mamilioni ya shilingi. Mzazi wa mashambani akisikia mwanawe anataka urubani, aghalabu fikra yake ya kwanza ni shamba litauzwa kwa nani. Nimewaona wazee wakitembeza hatimiliki kabla mtoto hajawahi hata kuketi ndani ya Cessna. Simuleta inaweza kuwa chekecheo la bei nafuu: mtoto akae nayo miezi sita, ajifunze, achoke au asichoke, ndipo wazee wazungumze habari za shamba. Lakini haiwezi kumchekecha mtu anayeitumia kama albamu ya picha za ndege kubwa.

Aanzie wapi? Aanze na tarakilishi aliyo nayo, si ile anayoiota. Toleo la Microsoft Flight Simulator lililotoka mwezi Novemba 2024 ni la kupendeza, sikatai, na picha zake za dunia zinaduwaza. Hata hivyo, linapendekezewa tarakilishi yenye kumbukumbu ya gigabaiti 32 na mtandao wa megabiti 50 kwa sekunde, kwa kuwa sehemu kubwa ya dunia yake huvutwa mtandaoni wakati ndege ikiwa angani. Anayenunua data kwa vipimo vya simu ataimaliza ya wiki nzima kabla hajavuka Nyanza. X-Plane 12 inahitaji mashine imara pia, lakini mandhari yake hupakiwa mara moja na kukaa ndani ya tarakilishi, na lipo toleo la kujaribu bila malipo. Kisha ipo FlightGear, iliyoanza katika miaka ya 1990 na inayotengenezwa na watu wa kujitolea. Haina urembo mwingi, menyu zake zina ukaidi, lakini ni ya bure kabisa na mashine ya wastani huimudu. Mandhari yake mtu anaweza kuyapakua mapema, kipande kwa kipande, akienda mjini penye mtandao wa bei nafuu. Kwa kijana wa Uriri ningeanza na hiyo.

Pesa za kwanza ziende kwenye joistiki, yaani ule mkono wa usukani, nayo iwe ya aina inayozungushika kwenye shina lake. Kuzungushika huko ndiko kunakoongoza usukani wa mkia, kazi ambayo katika ndege halisi hufanywa kwa miguu. Anayejifunza kwa kibodi huusahau mkia kabisa, na siku atakapoketi na mwalimu wa kweli atakuwa na tabia mbaya za kung'olewa moja moja. Tabia nyingine ya watu wa simuleta ni kukodolea macho vipimo badala ya kutazama nje. Dawa yake ni kuvifunika baadhi ya vipimo kwa karatasi na kuitafuta njia kwa kutazama ardhi.

Na ardhi ya kutazama tunayo. Achukue Cessna 172, ndege ndogo ya watu wanne ambayo haikosekani katika programu yoyote kati ya hizi, aondoke Kisumu na kuelekea kusini, akiegemea magharibi kidogo. Hadi Lichota, uwanja mdogo wa ndege wa Migori, ni takriban kilomita 110, safari ya kama dakika 35. Mara tu akiondoka atakuwa juu ya maji ya Ghuba ya Winam. Mlima Homa utakuwa mkono wa kulia, kisha mji wa Homa Bay upande huo huo. Mstari wake ukiwa sawa, utampitisha juu ya Awendo, penye kiwanda cha sukari cha SONY, na hapo ataishika barabara kuu ya kwenda Isebania. Uriri itapita chini yake wakati anapoanza kupunguza nguvu za injini ili ateremke. Safari hiyo moja ina mafunzo ya upepo, dira, saa na subira kuliko safari kumi za Boeing inayojiendesha yenyewe kutoka Dubai huku rubani akienda kunywa chai.

Siku ya pili aende Wilson. Uwanja huo uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, injini ya pistoni hupungukiwa na nguvu, na rubani hana budi kupunguza mafuta yanayochanganyika na hewa, la sivyo injini itasongwa. Ndege nayo hutumia kipande kirefu zaidi cha barabara ya kurukia kuliko ingetumia Mombasa. Programu nyingi zina kitufe cha kumfanyia mwanafunzi kazi hiyo ya mchanganyiko bila yeye kujua. Akizime. Marubani wa Afrika Mashariki huishi na jambo hili kila siku, ilhali masomo mengi ya simuleta yameandikwa na watu wa nchi tambarare wanaolitaja kwa sentensi moja.

Sasa nyongeza. Ushauri wangu ni kwamba kwa miezi sita ya kwanza asinunue hata moja. Zipo za bure zinazotosha: Little Navmap ya kupangia njia, Airbus A320 ya kikundi cha FlyByWire kwa wenye programu ya Microsoft, na Boeing 737-800 iitwayo Zibo kwa wenye X-Plane. Hizo ndege mbili zimetengenezwa na wapenzi wa mchezo huu, nazo zinasifiwa hata na watu walionunua za bei ghali. Baada ya miezi hiyo, anunue tu kile alichokikosa kwa kukihitaji, si kile alichokitamani kwenye picha.

Zile nakala za wizi zinazozungushwa kwenye vidude vya kuhifadhia data na ziachwe. Licha ya kuwa ni wizi, hakuna ajuaye kilichofichwa ndani yake. Hata muuzaji halali ameshawahi kuaibika: mwezi Februari 2018 iligunduliwa kwamba kampuni ya Flight Sim Labs ilikuwa imeweka ndani ya Airbus yake kijiprogramu cha kuchota maneno ya siri ya watumiaji, ikidai kilikusudiwa kuwanasa wezi wa kazi zake. Kelele zikawa nyingi, ikakiondoa. Ikiwa mwenye duka anaweza kufanya hivyo, seuze mwizi asiyejulikana jina!

Kuna nyongeza moja ambayo haimo katika orodha ya yule kijana, nami naiona kuwa bora kuliko zote. Niliporuka safari ile ya Migori katika toleo nililo nalo, Uriri yetu ilikuwa nyasi tupu na utepe wa barabara. Soko halikuwepo, shule hazikuwepo. Lichota ilikuwa mchoro mkavu. Badala ya kulalamika kwamba wazungu wametusahau, tujue kwamba vifaa vya kuchorea vinatolewa bure. Wenye X-Plane hutoa programu iitwayo WorldEditor. Mtu huchora uwanja wake, huupeleka, hukaguliwa, kisha huwekwa katika hazina ya pamoja inayotumiwa na dunia nzima. FlightGear nayo huchota viwanja vyake humo humo. Barabara na majengo huchorwa kwenye ramani ya OpenStreetMap, ambayo ni mali ya kila mtu, nazo simuleta kadhaa huitumia.

Anayedhani mkono wa mtu mmoja hauonekani angani na akumbuke kisa cha Melbourne. Mtu mmoja aliichora nyumba ya kawaida kwenye ramani hiyo, akataka kuandika kwamba ina ghorofa 2, kidole kikateleza ikawa 212. Microsoft Flight Simulator ilipotoka mwezi Agosti 2020, marubani wa nyumbani wakastaajabu kuona mnara mwembamba ukitoboa mawingu katikati ya mtaa wa watu wa kawaida. Walicheka, wakaenda kuutazama kwa maelfu. Ikiwa kosa la kidole lilifika mbali hivyo, kazi iliyopimwa vizuri ya kijana wa Uriri itafika pia. Na atakapokuwa akiifanya atajifunza kwa nini barabara ya ndege huelekezwa kufuata upepo, namba zilizochorwa kwenye ncha zake zina maana gani, na miti ya jirani inamhusu vipi rubani. Mambo hayo hayauzwi pamoja na Heathrow.

Wazazi nao wana la kuambiwa. Saa za simuleta ya nyumbani hazihesabiwi kuelekea leseni. Leseni ya rubani wa kibinafsi hutaka umri wa miaka 17 na angalau saa 40 za urukaji. Ya kibiashara hutaka miaka 18 na, kwa kawaida, saa 200. Tena mwombaji hupimwa macho, masikio na moyo na daktari aliyeidhinishwa na KCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ya Kenya. Kipimo hicho kifanywe mapema, kabla ya hatimiliki kutoka sandukuni, maana hakuna simuleta inayoweza kumwambia kijana kama macho yake hutenganisha nyekundu na kijani.

Shule kadhaa za upili za Migori na Homa Bay zina tarakilishi ambazo hushinda zimefungiwa chumbani kuanzia Ijumaa jioni. Mwalimu mmoja mwenye nia angeweza kuanzisha chama cha Jumamosi, wanafunzi kumi kwa joistiki moja, wakianza na Lichota mwaka huu na Kabunde ya Homa Bay mwaka ujao. FlightGear haina bei, WorldEditor haina bei. Wanachohitaji ni utepe mrefu wa kupimia, dira, na mtu mzima wa kwenda kumwomba msimamizi wa uwanja ruhusa ya kuingia.