Staa Kaposti Baiskeli ya Kaboni, Komenti Zimejaa Makopakopa... Breki Je?

Wiki hii huko mtandaoni ni picha moja tu. Staa wetu mmoja wa Bongo Fleva (jina kapuni, ila mnamjua) katupia picha amesimama na baiskeli nyeusi nyembamba, usukani umepinda kama pembe za kondoo, matairi yana meno. Komenti ni moto na makopakopa. Mmoja kaandika "nauza simu nikachukue kama hiyo". Mwingine anauliza kaboni ni bei gani Kariakoo.

Mi nikaivuta picha karibu. Waya wa breki ya mbele umechomolewa, unaning'inia. Yaani baiskeli ya mamilioni, breki ya mbele haipo kazini, na kwenye komenti zote nilizosoma hakuna hata mmoja aliyeona.

Sina bifu na staa. Yeye alipiga picha, akapanda gari lake akaenda zake. Shida yangu ni wewe unayetaka kuuza simu, maana wewe utaipanda kweli. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: ukitaka baiskeli ya aina hii, angalia breki kwanza, fremu ya pili, rangi na jina mwisho kabisa. Povu ruksa, ila soma hadi chini ndo ulitoe.

Kwanza tujue ni mnyama gani

Ile si baiskeli ya lami wala ya milimani. Ni ya saiklokrosi, mchezo wa msimu wa baridi ambao Ubelgiji na Uholanzi wanaupenda kama sisi tunavyopenda Simba na Yanga. Watu wanazunguka kwenye matope, nyasi na mchanga kwa muda wa kama saa moja, na pakiwa pagumu unashuka, unaitupia baiskeli begani, unakimbia nayo. Ubingwa wa dunia ulianza mwaka 1950 Paris. Wale kina Mathieu van der Poel na Wout van Aert mnaowaona kwenye Tour de France wametokea huko huko kwenye matope. Van Aert alibeba ubingwa wa dunia wa saiklokrosi mara tatu mfululizo, 2016, 2017 na 2018.

Kwetu hapa hatuna matope ya barafu, ila tuna vumbi, makorongo, mchanga, na masika ikishuka mnajua wenyewe. Baiskeli inayokimbia kwenye lami na kuvumilia barabara mbovu inatufaa sana. Jirani zetu Kenya tangu 2021 wana mbio za Migration Gravel Race kule Maasai Mara, na baiskeli zinazopigwa kule ni ndugu wa damu na hizi. Kwa hiyo sisemi msinunue. Nasema nunueni kwa akili.

Fremu ndo inaamua breki, sio wewe

Hapa ndo wengi wanapigwa. Unakuta mtu anasema "nachukua hii fremu kali, breki nitabadilisha baadaye". Baadaye ipi? Fremu ya zamani ina vijiti viwili vilivyochomelewa nyuma na viwili kwenye foku, vya kushikia breki za kubana rimu, zile zinaitwa kantileva. Fremu ya diski ina sehemu yake maalumu ya kufungia kalipa pembeni ya gurudumu. Kama fremu haina sehemu hiyo, huna diski. Na usimpe fundi achomelee kipande cha chuma kwenye foku. Diski ikishika, nguvu yote inaenda kwenye mguu mmoja wa foku, na foku ambayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo inaweza kukatika ukiwa kwenye mwendo. Hapo utaanguka kwa uso.

Ndo maana nasema anza na breki. Ukishaamua unataka breki gani, nusu ya fremu sokoni zinajichuja zenyewe.

Diski au rimu?

Zamani mchezo mzima ulikuwa kantileva. Chama cha baiskeli duniani, UCI, kiliruhusu diski kwenye saiklokrosi mwaka 2010. Hata hapo mabingwa wengi hawakukimbilia, kwa sababu kantileva ni nyepesi. Ila angalieni, wale katikati ya mbio wana baiskeli ya pili inawasubiri pembeni, ya kwanza inaoshwa na kukaguliwa na fundi, wanabadilishana. Wewe baiskeli ni hiyo hiyo moja, na fundi ni wewe na mswaki wa zamani.

Breki ya rimu inabana ukingo wa gurudumu, palepale panapokaa tope na mchanga. Mvua ikinyesha, raba inateleza kwanza ndo ishike. Mchanga ukiingia kati ya raba na rimu inakuwa msasa, na kila ukishika breki unakula rimu yako mwenyewe. Diski iko juu katikati ya gurudumu, mbali na uchafu, na ikichakaa unabadilisha diski, sio gurudumu zima.

Tuwe wakweli lakini, rimu nayo ina sifa zake. Fundi yeyote wa chini ya mwembe anaijua, raba zake zipo kila mtaa na hazina gharama. Kama safari zako ni Sinza kwenda Mwenge na mvua unaikwepa, itakutosha. Masharti ni mawili. Pitisha kidole kwenye ukingo wa rimu, ukikuta pamebonyea kama kijiko, hiyo rimu imekwisha. La pili, usidanganywe kufunga breki za V za baiskeli ya milimani kwenye usukani huu wa pembe za kondoo. Mikono yake mingi inavuta waya mfupi, breki za V zinataka waya mrefu. Utabana mpaka mkono ugote kwenye usukani na baiskeli bado inaenda. Zipo breki za V fupi zilizotengenezwa kwa mikono hii, tafuta hizo.

Shida hiyo hiyo ipo kwenye diski za waya. Kalipa ya milimani na kalipa ya usukani huu zinafanana kwa macho, ila urefu wa waya zinaouvuta ni tofauti. Muuzaji akikwambia "zote sawa tu", shika pochi yako vizuri.

Na diski ya waya au ya mafuta? Ya mafuta ni laini, unashika kwa kidole kimoja. Ila Shimano wanatumia mafuta ya madini, na SRAM miaka mingi wametumia DOT, jamaa ya yale ya breki za magari. Fundi akikuwekea DOT kwenye mfumo wa mafuta ya madini, mipira ya ndani inaharibika na breki inakufa. Kwa mtu wa mtumba, asiye na fundi wa uhakika, mi nasema chukua diski ya waya. Waya ukikatika unapata mwingine siku hiyo hiyo.

Kaboni, alumini au chuma?

Kaboni ni nyepesi na picha inatoka bomba. Ikiwa mpya na ina risiti, sawa. Ya mtumba ni kamari, kwa sababu inaweza kuwa na ufa ndani na nje rangi inang'aa tu. Watu wanaigonga kwa sarafu kusikiliza kama kuna sehemu inatoa sauti butu. Hiyo inasaidia, ila haikupi uhakika wa asilimia mia.

Alumini ni ngumu na haili kutu kama chuma. Kagua pale mabomba yanapoungana, hasa chini ya usukani. Rangi ikiwa imekunjamana au ina mstari kama unywele, achana nayo, na usikubali habari za "tutachomelea". Alumini ya baiskeli ni nyembamba na ukiichoma hivi hivi inapoteza nguvu.

Chuma ni kizito, ila kinakupa taarifa. Kinapinda au kinaonyesha ufa kabla ya kukuacha, na fundi mzuri anaweza kukitengeneza. Kwa sisi wa pwani adui yake ni kutu ya ndani, kwa hiyo toa nguzo ya kiti uchungulie na tochi ya simu.

Kesi ya mdau wa inboksi

Mdau mmoja kanitumia picha mbili, bei sawa. Ya kwanza kaboni, kantileva, rimu zimebonyea, inang'aa kama kioo. Ya pili alumini, diski za waya, rangi imechubuka kama imepigana na paka. Anataka kwenda nayo kazini kila siku na wikiendi kupanda Pugu na Kisarawe na wenzake. Roho yake iko kwa ya kwanza.

Kaka, chukua ya pili. Pugu ukipanda lazima ushuke, na kwenye mteremko kuna daladala, bodaboda na watoto wa shule wanavuka. Pale hakuna atakayekuuliza fremu yako ina uzito gani. Ile hela ya kununua rimu mpya za ya kwanza, nunua kofia ngumu na pedi za akiba. Rangi utapiga mwakani.

Kabla hujalipa fanya haya papo hapo. Zungusha magurudumu uone diski hazijapinda. Ichomoe pedi moja umpelekee fundi, ajue kama atakupatia nyingine kama hiyo. Kama ekseli ni ya kukaza kwa mkono, ikaze kweli kweli, maana nguvu ya diski inaweza kulisukuma gurudumu likatoka kwenye foku. Halafu kimbia nayo kidogo ubane breki zote mbili. Mikono ikigota kwenye usukani, usilipe mpaka itengenezwe mbele ya macho yako.

Na tuache ule uongo wa mtaani kwamba breki ya mbele inapindua, ndo maana watu wanaichomoa. Ukishika breki, uzito mwingi unakuja mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndo linakusimamisha. Ya nyuma peke yake inaburuza tu tairi. Rudisha makalio nyuma, bana taratibu ukiongeza, si rahisi upinduke.

Staa wetu, kama unanisoma, rudisha huo waya, ni kazi ya nusu dakika. Na wewe uliyetangaza kuuza simu, usiuze kwanza. Tupia picha ya baiskeli unayoitaka hapo chini kwenye komenti, upande wa breki tafadhali, tuikague pamoja. Na mafundi mnaosoma kimya kimya leo jitokezeni, watu wanawahitaji.